Aliyejua Kila Mtu Analala Wapi

Tangu astaafu, watu wameanza kumsimulia kana kwamba alikuwa walii. Mimi niliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi kwa miaka nasema hapana. Alikuwa mkali, mchoyo wa maneno, akinuka ugoro, na chai yake aliinywa peke yake sisi wengine tukimwangalia. Ukimsalimu kabla ya saa mbili asubuhi alikujibu kwa kichwa. Kama nilimpenda, na nilimpenda, ilikuwa kwa shida, kama mtu anavyompenda baba wa kambo.

Tulimwita Afisa, basi. Cheo chake chote kilikuwa afisa wa maendeleo ya jamii wa wadi, kirefu kuliko ofisi yenyewe, ambayo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati kule Kariobangi. Tulipakana ukuta na mafundi wa masufuria, nao waligonga mabati kutwa nzima, hata simu ikilia ilibidi tutoke nje kuipokea. Mkewe naye alimwita Afisa, ila yeye alilitamka neno hilo kwa dhihaka.

Kazi yake ilikuwa watu wanaolala nje. Si watoto, wale ambao kila mfadhili hupenda kupigwa picha nao, bali watu wazima: wabeba mizigo, wanawake waliofungiwa vyumba kwa kukosa kodi, wazee waliotoka jela wakakuta kwao si kwao tena. Walilala kwenye vibaraza vya maduka ya Huruma, chini ya ngazi za maghorofa, na kando ya mto upande wa Mathare. Wapita njia wana neno lao kwa watu hao, na wakubwa wana lao, na yote mawili siyaandiki hapa. Afisa aliwaita wateja. Mwanzoni nilicheka.

Mimi nilikuwa karani wake wa kuchapa. Nilitoka kwetu Majengo, Pumwani, nikiwa na cheti cha kompyuta na buibui moja zuri. Siku ya kwanza alinitazama miguuni.

"Hivyo viatu ni vya harusi," akasema. "Kesho uje na vya kutembea. Saa kumi na moja na nusu, mbele ya soko."

"Asubuhi, Mzee?"

"Kwani wewe unalala na nani hata usiweze kuamka?"

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba sirudi tena kwa mzee yule mfidhuli. Mama akaniuliza kama nina kazi nyingine mfukoni. Sikuwa nayo, kwa hiyo kesho yake nilikuwa mbele ya soko, viatu vya mpira miguuni, muadhini akimalizia.

Alitembea alfajiri kwa sababu moja tu. Mtu anayelala nje akishaamka humpati tena: huyu amekwenda kupakua viazi, yule yuko jaani anaokota plastiki, wa tatu amekaa mahali ambapo hataki umwone. Ilibidi uwafikie kabla hawajakunja magunia yao. Na kwa kuwa mtu wa nje hulala amejifunika kichwa, kuficha uso na baridi na macho ya watu, kinachobaki nje ni miguu. Afisa aliwajua kwa nyayo. Alisimama umbali wa kistaarabu, akatazama, akasema, "Huyu ni yule wa Murang'a, kidonda chake kimefunga," na kweli gunia likifunuliwa ni yule wa Murang'a. Hakugusa mtu aliyelala wala hakumwamsha kwa mguu, kama askari. Aliita jina, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha akangoja.

Mfukoni alikuwa na kikata kucha. Sijui kama nimewahi kuona jambo la ajabu kuliko hilo: mzee wa suti ya kahawia amechuchumaa kwenye matope ya Huruma, anakata kucha za miguu za mtu mwingine, huku anamgombeza kwa kuziacha zikawa ndefu. Hakuvaa glavu. Alimaliza, akakifuta kwa spiriti, akahamia kwa mwingine. Na mtu huyohuyo hakuwahi kumpa mteja hata shilingi ya chai. Waliomba, hasa wageni wasiomjua. Aliwajibu kwamba yeye si sadaka. Siku moja nilitoa sarafu nikampa mama mmoja mwenye jicho bovu, naye Afisa akaniita tulipofika ofisini.

"Anayetoa sarafu ananunua njia ya kwenda zake," akaniambia. "Wewe unakwenda wapi?"

"Siendi popote, Mzee."

"Basi usinunue."

Jambo jingine: hakuwadanganya. Madaktari walidanganya, wahubiri walidanganya, wagombea wa viti ndio usiseme. Yeye hapana. Kulikuwa na mbeba mizigo aliyevimba mguu ukawa mweusi, akamuuliza Afisa mbele yangu kama hospitali wataukata. Mimi nilikwishafungua mdomo kusema inshallah hawatakata. Afisa akasema, "Watakata. Nitakuwepo." Wakakata, naye alikuwepo, amekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi hadi jioni, na kofia yake magotini. Watu wa nje walipeana habari hizo. Huyo mzee akikwambia kitu, kiko hivyo.

Wema wake uliishia mlangoni pake, lakini. Nyumbani kwake, vyumba viwili vya ghorofa kule Kariobangi, hakulala mgeni. Mpwa wake alikuja kutoka mashambani kutafuta kazi, akapewa chakula, akapewa nauli ya kurudi, na saa kumi na mbili jioni akasindikizwa stendi. Mkewe alinihadithia haya huku anamenya vitunguu, machozi yanamtoka, sikujua kama ni ya vitunguu.

"Huyu wenu anawapenda wasio na nyumba," alisema. "Mwenye nyumba akija, hamtaki."

Nilimuuliza Afisa kuhusu mpwa wake, kwa ujinga wa ujana. Alisema kwamba kumlaza mtu mmoja kwako ni njia ya kusahau waliobaki. Sikuelewa wakati ule, na hata sasa naona ilikuwa choyo aliyoivisha nguo nzuri. Mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Daftari lake ndilo watu wanalolisahau wanapomgeuza walii. Lilikuwa kubwa, la mistari, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani yake aliandika kila mteja: jina, maradhi, na mahali anapolala. Jina lilikuwa lile analolitaka mwenyewe, kwa maana kitambulisho hakuuliza. Mahali aliandika kwa ukamilifu uliompita tarishi yeyote: "Nyuma ya kibanda cha kinyozi, chini ya turubai la bluu, kichwa upande wa ukuta." Mtu akihama alikata mstari, akaandika upya. Alisema asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapikiwi. Watu wa nje hawapendi kuandikwa, wana sababu zao. Walimruhusu yeye kwa sababu aliwapa neno: "Haya hayatoki ofisini." Na kwa kuwa hakuwa mwongo, wakasema majina yao.

Miongoni mwao alikuwa Fundi. Alishona viatu mchana karibu na soko la Kariobangi, na alilala Huruma, nyuma ya kinu cha kusagia unga, mahali alipopachagua kwa akili kwa sababu ukuta wa kinu hubaki na joto la mashine mpaka asubuhi. Alikuwa mrefu, mcheshi, na kifua kibovu. Mara mbili alianza dawa za kifua kikuu na mara mbili zilikatika njiani, si kwa uzembe. Dawa zile ni za miezi, na mtu asiye na kabati anaziweka wapi? Alizitia kwenye kopo tupu la rangi ya viatu, mvua ikaingia. Mara ya pili zikaibwa pamoja na kopo. Zahanati wakamwandika kuwa ni mtoro.

Yeye na Afisa, ambaye alimwita mdosi kwa maana ya bosi, waligombana kila wiki juu ya viatu vya Afisa.

"Mdosi, hivi vimechoka kuliko mimi," Fundi alimwambia siku moja, anakigeuza kiatu. "Nunua vingine, buda."

"Shona, usihubiri."

"Nitashona. Lakini vikikufia njiani usiniletee maiti."

Nilimwona Afisa anacheka. Alicheka kwa pua, ugoro ukamtoka, akajifanya anapenga.

Kwa ajili ya watu kama Fundi alikuwa na jambo moja alilolitaka, na alilitaka kuliko alivyotaka kupandishwa cheo. Alitaka nyumba ya wagonjwa: vitanda, maji ya moto, uji, na muuguzi wa kumtazama mtu akimeza dawa yake kila siku mpaka imalizike. Kilichokuwepo ni huruma za msimu. Ramadhani msikiti ulileta futari, Krismasi kanisa lilileta mikate, na uchaguzi ukikaribia zilifika blanketi. Katikati ya hapo watu walikohoa na kufa. Afisa alisema huduma isiyoandikwa kwenye mkataba ni bahati tu, na bahati haimtibu mtu. Alitaka ofisi kuu itangaze zabuni, ipatikane taasisi ya kuendesha nyumba hiyo kwa mkataba, yenye masharti, yenye kukaguliwa, ili siku yeye akifa kazi isife. Aliandika barua. Nilizichapa mimi, nyingi, na majibu yalikuja machache, na yote yalisema jambo hilo linashughulikiwa.

Kisha jibu likaja kwamba sawa.

Siku hiyo aliagiza mandazi ya ofisi nzima, yaani mimi na mfagizi. Aliandika masharti ya kazi mwenyewe: vitanda vingapi, uji wa namna gani, muuguzi aje saa ngapi, mtu asifukuzwe kwa kulewa, kila kitanda kiandikiwe jina la mtu na alipokuwa akilala. Wenye taasisi zao waliitwa mkutanoni kuuliza maswali, wakajaa chumba, wengine wamesimama dirishani. Mama mmoja mwenye miwani akainua mkono.

"Mzee, hatuwezi kupanga kazi tusiyoijua," alisema. "Watu hawa ni wangapi? Wako wapi? Nyumba iwekwe mtaa gani?"

Swali lilikuwa la haki. Ofisi kuu nayo iliandika ikitaka ushahidi kwamba wahitaji wapo kweli. Afisa akakaa usiku kucha na daftari lake, na asubuhi akaja kunisomea, nami nikachapa. Tuliendelea hivyo siku tatu, yeye anasoma, nyundo za jirani zinagonga, ananirudia kwa sauti. Nilipofika ukurasa wa pili nilisimama.

"Na mahali wanapolala pia niandike, Mzee?"

"Andika. Majina matupu watasema tumeyabuni."

"Lakini uliwaambia..."

"Niliwaambia hayatoki ofisini. Hii ni ofisi inaiandikia ofisi." Akanitazama juu ya miwani. "Wewe unataka wapate vitanda au hutaki?"

Nikaandika. Sitajifanya kwamba nililia. Wasiwasi nilikuwa nao, lakini haukunizuia kula chakula cha mchana. Hata niliongeza yangu: niliyapanga majina kwa mitaa, kisha kwa vichochoro, ili mtu akishika karatasi aweze kutembea moja kwa moja kutoka kwa huyu hadi kwa yule bila kurudi nyuma. Afisa alilisifu jedwali lile. Lilikuwa la kwanza kulisifu katika kazi zangu zote. Tulilibana mwishoni mwa masharti ya zabuni, tukatoa nakala, tukaziweka mezani kwa yeyote anayetaka kuomba kazi, kama utaratibu unavyotaka.

Hapo ndipo kosa lake lilipo, na ni kosa la mtu aliyekaa ofisini maisha yake yote. Alidhani karatasi za ofisi husomwa na watu wa ofisi tu. Watu walikuja, wakachukua. Namkumbuka mmoja aliyevaa koti la ngozi, ambaye hakuuliza swali wala hakuandika jina la taasisi yake. Alifunua nyuma, penye jedwali, akasimama hapo kitambo, akachukua nakala mbili. Maombi yake ya zabuni hatukuyaona.

Baada ya wiki chache, ilikuwa Jumatano, tulifika Huruma alfajiri kama kawaida na hatukukuta mtu. Kibaraza baada ya kibaraza, magunia yapo, watu hawapo. Sufuria ya mama mwenye jicho bovu ilikuwa imepinduka. Tulikwenda mpaka kwa kinu cha unga, tukamkuta mlinzi wa kinu amesimama katikati ya njia, mikono kichwani.

"Walikuja na lori," alisema. "Saa hii hii yenu, kabla yenu kidogo tu."

"Akina nani?" Afisa aliuliza.

"Sijui, Mzee. Lori halikuwa na maandishi. Hawakutafuta mtu, ndio ajabu yake. Walikuwa na karatasi, wanasoma, wanakwenda moja kwa moja. Wanaita majina."

"Majina gani?"

"Majina yao. Walisimama hapo nyuma, mmoja akaita, 'Fundi.' Mara moja tu, polepole. Naye akajibu, 'Niaje mdosi.' Alidhani ni wewe."

Afisa alikaa chini pale pale, kwenye unga uliomwagika, na suti yake. Baadaye alimuuliza mlinzi karatasi hiyo ilikuwaje, naye akasema ilikuwa na vyumba vyumba, imepangwa vizuri. Mimi nilikuwa nimeshikilia ukuta wa kinu. Ulikuwa bado una joto.

Kulikuwa na wageni wakubwa wa kupita barabara ya Huruma wiki hiyo, na ilitakiwa ionekane safi, ndivyo watu walivyosema. Hadi leo hakuna aliyekubali kwamba lori lilikuwa lake. Wateja wetu walibebwa wakashushwa mbali sana, upande wa ukame, mahali pasipo duka wala kisima, wengine bila viatu. Waliokuwa na nguvu walirudi kwa miguu, siku nyingi. Mama mwenye jicho bovu hakurudi. Yule wa mguu mmoja hakurudi.

Afisa alifanya kitu ambacho wakubwa hawakukitegemea. Aliandika taarifa akasema jedwali ni lake, aliliweka yeye, na akaomba uchunguzi. Jibu lilikuwa la adabu: nyaraka za zabuni ni za wazi kwa kila mwananchi, na aliyeambatisha jedwali ni yeye mwenyewe. Hakuna neno la uongo ndani yake. Katika taarifa ile alitumia "mimi" kila mahali. Niliichapa mwenyewe na niliona. Nilingoja aniambie, hata kwa hasira, kwamba aliyeyapanga majina kwa vichochoro ni mimi. Ningefarijika. Hakunitaja siku ile wala nyingine.

Zabuni iliendelea, kwa maana zabuni ikianza haijui kuona haya. Taasisi moja ikashinda, nyumba ikafunguliwa Huruma, yenye geti la buluu, vitanda vipya na maji ya moto, kama alivyoandika. Mteja akija hujaza fomu ya jina na mahali anapolala. Hawakuja. Waliorudi kwa miguu walikuwa wamewaambia wenzao, na vitanda vikabaki na nailoni zake. Afisa alistaafu bila sherehe, keki aliikataa. Nilisikia kwamba bado hutoka alfajiri, lakini wakimwona kwenye kona wanakunja magunia na kuhama. Taasisi ilihitaji karani anayeijua kazi. Nikaomba, nikapata.

Mara ya mwisho kuwa naye ilikuwa mwaka jana, wakati wa baridi ya Julai. Nilifika kazini nikamkuta amesimama nje ya geti, amekonda, koti limekuwa kubwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Chukua fomu moja unifuate."

Sikuuliza. Tulitembea, yeye mbele, mpaka nyuma ya soko dogo la mitumba, kwenye pembe kati ya choo na ukuta. Fundi, mmoja wa waliorudi kwa miguu, alikuwa amelala hapo. Sikumtambua. Urefu wake wote ulikuwa umebaki mifupa, na kando yake kulikuwa na kitambaa chenye damu.

"Mdosi, nilikwambia usirudi hapa," alisema, macho amefumba.

"Nimekuja na mtu."

"Hata ukikuja na malaika."

"Kuna kitanda, Fundi. Kuna muuguzi. Ukibaki hapa wiki hii huimalizi."

"Najua." Alikohoa, tukangoja amalize. "Niambie kitu kimoja, mbele ya huyu dada. Ile list nani aliiandika?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu," Afisa akasema.

Nilikuwa nimechuchumaa hatua mbili kutoka kwao, fomu magotini. Palikuwa na nafasi ya neno moja, na neno lenyewe nililijua. Nilinyamaza.

Fundi alifumbua macho, akanigeukia mimi.

"Dada, wewe nilikuwa nakuona tu nyuma yake, sikujui. Huyu namjua, ndio maana siwezi kumwamini tena. Hebu niambie wewe. Nikikupa jina langu na place nalala, hiyo karatasi inaenda wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Kila mwisho wa mwezi orodha ya waliomo hupelekwa ofisi kuu, jina kwa jina, na mahali pa kila mmoja, kwa sababu mkataba unasema kitanda kisicho na jina hakitambuliwi. Afisa alilijua hilo kuliko mimi. Sharti lile alilitunga yeye. Nilimtazama, naye alikuwa anatazama chini, na ndipo nilipoelewa kwa nini alikuja kunitafuta mimi badala ya muuguzi. Ukiacha lile 'peke yangu' la kunikinga mimi, hakuwahi kuwadanganya, na katika umri ule hakuweza kuanza. Alikuja kuazima ulimi wangu.

"Haiendi popote," nikasema. "Inakaa kwangu."

"Apa."

Kwetu Majengo kiapo si cha kuchezea. Mama yangu angenipiga kofi.

"Wallahi," nikasema.

Fundi akanitajia jina lake, la kuzaliwa, ambalo hata kwenye daftari halikuwemo. Nikaliandika. Tulimwinua, Afisa bega moja, mimi bega moja, na hakuwa na uzito wowote. Muuguzi alimpokea getini. Afisa hakuingia.

"Ingia unywe chai, Mzee," nilimwambia. "Nyumba ni yako hii."

"Hapana." Alikuwa anajifuta mikono kwenye koti, tena na tena. "Umefanya vizuri. Lakini usimwambie mtu mwingine hivyo."

"Nisipowaambia hivyo, nani atakuja?"

Akaondoka kwa upande wa mto. Sijamwona tena. Mkewe husema yupo, mzima, ila siku hizi haamki mapema.

Fundi amepona, au amekaribia. Mwezi wa tatu wa dawa alianza kutembea uani, wa tano akatoka kwenda kuwaita wenzake. Aliwaambia dada wa ile nyumba ni mtu poa, ameapa, majina hayatoki. Wamekuja. Wanakuja wenyewe mpaka getini, wananiinamia dirishani na kunitajia taratibu jina na kichochoro, na vitanda vyote sasa vimejaa. Jana ilikuwa mwisho wa mwezi. Nilichapa orodha, nikaipanga kwa mitaa, nikaituma.